Presha isiyosikia dawa ipimwe homoni

Ndugu Mhariri,

Makala za afya katika gazeti lenu zimekuwa zikitukumbusha kupunguza chumvi, kufanya mazoezi na kumeza vidonge bila kukosa. Sina ugomvi na ushauri huo. Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wanaoyafuata yote hayo na bado kipimo chao kinasoma 170 kwa 100, kwa sababu chanzo cha shinikizo lao hakiko jikoni wala katika mawazo, bali katika tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, ambazo wataalamu huziita tezi za adrenali.

Mke wangu alikuwa mmoja wao. Kwa miaka sita alitumia dawa za aina tatu kwa pamoja, ikiwamo ya kukojoza, na kila alipofika kliniki aliulizwa swali lile lile: "Mama, dawa unameza kweli?" Mimi ndiye niliyekuwa nikimhesabia vidonge asubuhi na jioni, hivyo najua alimeza. Usiku misuli ya miguu ilimbana hadi akaamka analia, mchana alichoka bila kufanya kazi, na tukaambiwa kuwa ni umri. Alikuwa na miaka 43. Hatimaye daktari mmoja kijana alifungua majibu ya zamani ya damu yake, akaona kwamba madini ya potasiamu yalikuwa chini hata kabla hajaanzishiwa dawa ya kukojoza, ambayo nayo huweza kuyashusha, na akaagiza kipimo ambacho hakuna aliyewahi kututajia: homoni iitwayo aldosteroni, ikipimwa pamoja na renini.

Aldosteroni hutengenezwa katika tabaka la nje la tezi hizo, na kazi yake ni kuziamrisha figo zirudishe mwilini sodiamu, ile iliyomo katika chumvi, na kuitoa potasiamu kwenye mkojo. Sodiamu inaporudi, maji huifuata, na shinikizo hupanda. Mtu akiwa mzima, amri hiyo haitolewi ovyo. Damu inapopungua msukumo, figo humwaga renini, nayo huanzisha mfululizo wa kemikali ambao mwisho wake ni tezi kutoa aldosteroni; maji na chumvi vikishatosha, renini hushuka na aldosteroni hushuka nayo. Katika ugonjwa ninaouzungumzia, tezi huendelea kumwaga aldosteroni ingawa figo zimekwisha kunyamaza, na hiyo ndiyo sababu vitu hivyo viwili hupimwa kwa pamoja: daktari anatafuta aldosteroni isiyoshuka mbele ya renini iliyozimika.

Jambo hili si geni katika tiba. Aldosteroni ilitambuliwa mwaka 1953, na mwaka uliofuata Dkt. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alimchunguza mwanamke wa miaka 34 mwenye shinikizo la juu, potasiamu ya chini na misuli iliyokuwa ikilegea na kukakamaa. Alipopasuliwa alikutwa na uvimbe katika tezi ya adrenali, ukaondolewa, naye akapata nafuu. Kwa miaka mingi baada ya hapo ugonjwa huo uliopewa jina la Conn ulifundishwa kuwa ni wa nadra, na nadhani hapo ndipo tulipopotea. Tafiti za miaka ya karibuni zinaukadiria kwa watu kati ya 5 na 10 katika kila 100 wenye shinikizo la juu, na huweza kufikia 20 katika kila 100 ambao shinikizo lao halishuki kwa dawa tatu. Tena wengi wao potasiamu yao ni ya kawaida kabisa, kwa hiyo anayesubiri ishuke ndipo apime atawaacha wagonjwa wengi nyuma.

Kuna watakaosema kwamba shinikizo ni shinikizo, mradi mgonjwa ana dawa. Siyo hivyo. Aldosteroni iliyozidi hudhuru moyo, mishipa na figo kwa njia zake yenyewe, na wenye ugonjwa huu hupata kiharusi na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio zaidi ya wenzao wenye shinikizo la kiwango kile kile. Uvimbe ukiwa katika tezi moja, upasuaji huweza kuuondoa. Tezi zote mbili zikihusika, iko dawa ya spironolaktoni inayozuia kazi ya homoni hiyo, dawa ya zamani ambayo mwaka 2015 utafiti wa Uingereza ulionyesha kuwa ndiyo iliyofaa zaidi kuongezwa kwa wagonjwa ambao dawa tatu zimewashinda. Ina masharti yake: huweza kupandisha potasiamu kupita kiasi, hasa kwa mwenye figo dhaifu, na kwa wanaume huweza kuvimbisha matiti, kwa hiyo asiinunue mtu dukani kwa kusoma barua hii.

Niseme kidogo kuhusu "presha ya mawazo". Ni kweli sehemu ya ndani ya tezi hizi hutoa adrenalini tunaposhtuka, na uvimbe wa sehemu hiyo, ambao ni wa nadra kweli, huleta vipindi vya kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio. Lakini kumwambia mama mwenye 170 kila siku ya Mungu kwamba apunguze mawazo ni kumfungia faili.

Mwaka 2025 chama cha wataalamu wa homoni, Endocrine Society, kilitoa mwongozo unaoshauri kila mwenye shinikizo la juu la damu apimwe aldosteroni na renini. Sitarajii zahanati ya kijijini kwetu ifanye hivyo kesho. Ninachoomba kwa wahusika wa afya na wa bima ni kwamba wapewe nafasi kwanza wale wanaotumia dawa tatu bila mafanikio, wenye potasiamu ya chini, na waliopata kiharusi wangali vijana, na kwamba sampuli zichukuliwe katika hospitali za mikoa zisafirishwe, badala ya mgonjwa kusafiri. Sisi tulisafiri mara mbili, na nauli pamoja na malazi vilizidi gharama ya kipimo chenyewe.

Mke wangu sasa anatumia spironolaktoni na dawa nyingine moja. Wiki iliyopita alisoma 132 kwa 84, na muuguzi alirudia kupima akidhani mashine ina hitilafu.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro