Kuzip faili hakupotezi kitu, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Mimi nina stationery hapa Kirumba, jirani na mwaloni, gazeti lenu nanunua kila siku wateja wasome wakisubiri kopi. Wiki iliyopita mkaandika eti faili ukilizip, yaani ukilibana lipungue ukubwa, ubora unapungua, sasa juzi kaja binti wa chuo na flashi, utafiti wake mzito haupandi kwenye imeli, namwambia tuuzip anagoma, gazeti limesema! Jamani mnaniharibia biashara.

Chukueni neno dagaa muone zip inavyobana. Kwa kawaida kompyuta inaipa kila herufi biti 8, yaani zile 0 na 1 nane, herufi 5 ni biti 40. Lakini si mnaona A ziko tatu, D moja, G moja? Basi A mpe 0, D mpe 10, G mpe 11, andika 1001100, biti 7 kwisha habari, na ukiisoma inarudi dagaa kamili, hajapotea hata kichwa. (Sawa, orodha ya nani kapewa namba gani nayo lazima isafiri, kwa neno moja hailipi, kwa kurasa mia inalipa.) Njia hii ni ya David Huffman, alikuwa mwanafunzi pale MIT, chuo cha Marekani, profesa Robert Fano kawaambia wachague mtihani au andiko, yeye kakimbilia andiko, likachapishwa 1952. Zile picha za JPEG zinazofifia ni kwa sababu kuna hatua ya kukadiria inayotupa vitu kabla, Huffman anaingia baadaye na yeye hatupi kitu.

Morse je, yule wa alama za nukta na mistari za telegrafu? Yule E kampa nukta moja tu maana Kiingereza kinaipenda E, A ikaambulia nukta na mstari. Hesabuni A kwenye ukurasa wenu wa kwanza muone Kiswahili kilivyopunjwa. Huffman anahesabu faili lako mwenyewe kwanza ndio anagawa.

Kazi iko kwenye kusoma. Alama hazilingani urefu, kwa hiyo ya pili huijui inaanzia wapi mpaka umalize ya kwanza, na ukidondosha ile 1 ya mwanzo tu inasomeka aagaa, ndio maana huwezi kukata faili vipande hivi hivi ukagawia vibarua wanane. Wenye chipu wakatengeneza saketi ya kazi hiyo moja, inachota biti kadhaa kwa mpigo, inaangalia kwenye jedwali, jedwali linasema ni herufi gani na imekula biti ngapi, inasogea hapohapo inachota tena. IBM mwaka 2019 waliiweka ndani kabisa ya prosesa ya kompyuta yao kubwa ya z15 ili zile koa, sehemu za prosesa zinazofanya kazi za kawaida, zisisumbuliwe.

Binti kaondoka, utafiti kautuma vipande vitatu, bando lake limekwisha. Naomba masahihisho, hata mistari miwili ukurasa wa ndani.

Mwenye stationery, Kirumba, Mwanza