Spika kubwa, amplifaya ile ile

Swahiba,

Salamu nyingi. Natumaini hujambo na wote wa nyumbani ni wazima. Mimi mzima, ila masikio bado yanavuma kidogo, na kosa ni langu mwenyewe.

Nilipokwambia nimechukua zile spika za kusimama, ulinijibu kwa mstari mmoja tu: "Hiyo amplifaya yako haiziwezi, badilisha." Niliudhika, sikufichi. Jioni ya kwanza tu nikadhani nimeumbuka. Nimefungua sauti, besi inatikisa vioo vya madirisha, mara "tak!" ndani ya amplifaya, kimya. Taa nyekundu inapepesa. Nikaweka kiganja juu ya bati lake nikakitoa mbio, limewaka moto kama pasi. Ningekuwa na hela usiku ule ningenunua dude la wati 200 bila kuuliza swali.

Bahati nzuri sikuwa nayo, nikabaki na kalamu na karatasi.

Amplifaya yangu unaijua, wati 50 kila upande kwa spika za omu 8 (omu ni kipimo cha spika inavyouzuia umeme; zikipungua, spika inavuta umeme mwingi zaidi). Zile spika ndogo za zamani zilikuwa za omu 8, desibeli 86, yaani kiasi cha sauti zinachotoa kwa umeme kidogo wa kupimia. Hizi kubwa zimeandikwa desibeli 90. Nikachekelea: desibeli 4 zaidi ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili na nusu, bure, bila kugusa amplifaya. Watu wengi (na wewe umo, usininunie) hudhani spika ikiwa kubwa basi inakula zaidi. Mara nyingi ni kinyume chake. Kasha kubwa lenye wufa (ile spika ya besi) pana hutoa sauti nyingi kwa umeme kidogo. Walafi ni vile vispika vidogo vinavyojitutumua kutoa besi isiyo saizi yao.

Kicheko kiliisha niliposoma maandishi madogo. Hizo desibeli 90 zimepimwa mita moja mbele ya spika, kwa volti 2.83. Kwenye omu 8, volti 2.83 ni wati moja. Lakini hizi ni za omu 4, na kwenye omu 4 volti zile zile zinakuwa wati mbili. Kwa hiyo kwa wati moja zinatoa desibeli 87, si 90. Faida yangu halisi ni desibeli moja tu! Tatu zilizobaki anazilipa mwenyewe amplifaya, kwa kutoa umeme mara mbili. Tena hiyo omu 4 ni ya kutajia tu. Ukiangalia mchoro wake, kwenye besi, karibu na hezi 100 (mitikisiko 100 kwa sekunde), inashuka mpaka 3. Nikaigeuza amplifaya nikasoma mgongoni: omu 6 hadi 16, yaani omu 4 hazimo. Maandishi hayo yako pale tangu siku niliyoinunua, na sijawahi kuyatazama.

Ikabidi nijue kwanza mimi mwenyewe nasikiliza kwa nguvu kiasi gani. Nikaweka muziki, nikazungusha nobu mpaka sauti yangu ya kila siku, ile ambayo bado unaweza kumwita mtu aliye chumba cha pili. Nobu nikaiacha hapo hapo. Nikazima, nikachomoa waya za spika, nikawasha tena na kupiga mlio wa majaribio wa hezi 60, uliorekodiwa kwa kiwango cha juu kabisa ambacho faili linaweza kubeba, huku mita ikisoma volti pale zinapochomekwa spika. (Yangu ni ya transista, haijali kuwashwa bila spika. Ile yako ya valvu, zile taa za kioo, usithubutu, utaunguza transfoma yake ya sauti.) Mita ikasoma volti 6. Nobu ikiwa pale, hakuna kishindo cha muziki kitakachopita hapo. Sita mara sita, gawanya kwa omu nne za spika: wati 9. Na hiyo ni kwenye vishindo tu. Sehemu kubwa ya wimbo inapita chini sana, hata wati moja haifiki.

Wati 9, swahiba! Na mimi nilikuwa naota 200.

Nikarudia kwa ile sauti ya siku nyumba ikiwa tupu. Volti 14, yaani wati 49, na pale omu zinaposhuka hadi 3 inakuwa kama 65. Amplifaya yenye wati 50 kwa omu 8 ina uwezo wa volti 20, kwa hiyo upande wa volti sijafika ukingoni. Nikakuna kichwa. Kama sijafika ukingoni, ile "tak!" ilitoka wapi?

Hapo ndipo nilipoitazama nobu ya besi. Vipimo vyote hivi nilivifanya ikiwa katikati, lakini jioni ile nilikuwa nimeizungusha mpaka mwisho, kwa mazoea ya spika ndogo ambazo bila hivyo besi hazina. Nikaipeleka tena mwisho, mlio ule ule, na mita ikaruka toka 14 ikagota 23. Nikaongeza sauti, ikasogea kidogo tu. Ukingo ndio huo. Besi ukiipandisha desibeli 10 umeidai amplifaya wati mara kumi, na mimi nilikuwa naidai pale pale ambapo spika zinashuka omu 3. Mawimbi yanakatwa vichwa, yanatoka bapa, na ule ukali unaozaliwa hapo unakwenda kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba. Ndivyo amplifaya ndogo inavyoweza kuunguza twita ya spika kubwa. Zangu zimepona kwa sababu ulinzi wa ndani ya amplifaya uliwahi kukata.

Na kuna aibu nyingine, usimwambie mtu. Juu ya amplifaya nilikuwa nimeweka deki ya CD, imeziba matundu yote ya hewa. Nimeishusha.

Spika nazo nilikuwa nimezisukumia pembeni kabisa, kila moja kwenye kona yake, maana ni kubwa na zinakera njiani. Besi ilikuwa inavuma kama pipa tupu, nami nikailaumu amplifaya kwamba haina pumzi ya kuishika wufa. Nimezivuta mbele kama sentimita 60 toka ukutani na kuzitoa konani, na sasa gitaa la besi nalisikia nota kwa nota. Hakuna amplifaya ambayo ingenifanyia hivyo.

Basi besi katikati, hewa inapita, nikasikiliza jioni nzima kwa sauti ya kila siku. Bati likawa vuguvugu tu. Kesho yake nyumba ikawa tupu, nikafungua mpaka ile ya volti 14. Saa moja na kitu ikapita salama, halafu "tak!" tena.

Kwa hiyo nusu ya neno lako nimelikubali. Wati ninazo za kutosha. Kutoka 50 kwenda 100 ni desibeli 3, tofauti utakayoisikia ila haitakuinua kitini. Ili sikio liseme sauti imekuwa maradufu ningehitaji wati 500. Ninachokosa ni mashine isiyoogopa omu 4. Nikitafuta, nitaangalia namba mbili tu, wati zake kwa omu 8 na kwa omu 4, pande zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Ikitoa 60 kwa 8 na karibu 120 kwa 4, najua transfoma yake ya umeme imeshiba. Ikiwa namba ya omu 4 haikuandikwa kabisa, naiacha hapo hapo. Na anayenitajia "PMPO", zile wati za kupamba tangazo, simsikilizi.

Hii ya zamani siitupi. Nyuma ina matundu ya kutolea sauti kabla haijakuzwa, kwa hiyo yenyewe itabaki kuchagua nyimbo na kuongoza sauti, na amplifaya nyingine ya nguvu tu ibebe spika. Wewe si unayo moja imelala kabatini, ile nzito iliyokutegua mgongo? Niazime wiki moja kabla sijatoa hela. Ukija tutazipima zote mbili kwa mita mpaka zitoe volti sawa, kwa sababu inayozidi sauti hata kidogo ndiyo itakayoonekana tamu, na mimi nakujua ulivyo mwepesi wa kushangilia.

Nitakaa nimegeukia ukuta, wewe ubadilishe waya bila kuniambia. Nikishindwa kutofautisha kwa sauti ya kila siku, ya kwako inarudi kabatini na mimi nitaachana na ile volti 14. Njoo na waya za RCA, zile za kuunganisha mashine na mashine, moja yangu inakatakata upande wa kushoto.

Ni mimi,
swahiba wako