Risala ya Wanafunzi wa Zamani kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Kumkumbuka Mwalimu Wetu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu na walimu wote, wanachama wa Bodi ya Usimamizi, mchungaji wetu, wazazi, wanafunzi, na hasa jamaa ya marehemu, watoto, wajukuu na vitukuu mlioketi hapa mbele, hamjambo? Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kufika hapa Eastlands, Nairobi. Sisi wanafunzi wa zamani tumepewa jukumu la kukueleza mwalimu wetu alikuwa mtu wa namna gani, na kwa nini tumekuomba umkumbuke pamoja nasi kwa kuweka jiwe la msingi la chumba cha kusomea.

Alianza kufunza hapa zamani za CPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mtoto akisoma miaka saba ya msingi. Mwaka 1985 ukaingia mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu. Darasa la nane likaongezwa, na pamoja nalo sanaa, ufundi, muziki na sayansi kimu, hata katika shule zisizokuwa na karakana. Walimu wengi walitamani madarasa ya juu, maana sifa za mtihani zilikuwa huko. Yeye alikaa na darasa la kwanza, la pili na la tatu. Alipoombwa apande, jibu lake lilikuwa lile lile: "Niachieni hawa wadogo." Aliamini kwamba mtoto akifika darasa la nne hajui kusoma, wakosaji ni sisi watu wazima, na katika mikutano ya wazazi alilisema hilo bila kumung'unya maneno.

Aliyepita mikononi mwake anakumbuka katoni. Alizikusanya tupu kutoka madukani, akazikata kwa wembe vipande vya kutosha kiganjani, kisha akaandika silabi moja kwenye kila kipande. Mtoto aliyekwama hakuchapwa wala kuchekwa. Aliitwa mezani wakati wa mapumziko, akawekewa "ma" na "ma", halafu "ka" na "ka", halafu vipande vikachanganywa apange mwenyewe. Mwalimu alinyamaza. Hata kengele ilipolia hakumharakisha. Neno likipatikana, aligonga meza mara moja kwa kidole, basi. Wengine wetu tumehitimu vyuo vikuu na kupigiwa makofi ukumbini, lakini hakuna sifa iliyotuingia moyoni kuliko kule kugonga meza.

Kisha ikaja Januari 2003. Serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi, watoto zaidi ya milioni moja waliongezeka madarasani kote nchini. Hapa kwetu walikuja kutoka Muthurwa, Makongeni na hata mbali zaidi, wengine wakiwa vijana waliokwisha kubalehe ambao hawajawahi kushika kalamu. Dawati la watoto watatu lilibeba watano, waliokosa nafasi wakaketi sakafuni. Mwalimu aliona jambo ambalo wengi hatukuliona: wale wakubwa waliona haya kusoma silabi mbele ya watoto wa miaka sita. Basi mchana aliwapa kazi ya kugawa vitabu na kufuta ubao, na wadogo wakishaenda nyumbani, alifunga mlango akawafundisha wao peke yao hadi jioni. Hakulipwa hata senti kwa saa hizo. Baadhi ya vijana wale wamo humu leo, baba na mama wa watoto.

Alistaafu akiwa na miaka 55, kama ilivyokuwa desturi wakati huo. Umri huo ulipoongezwa hadi 60 mwaka 2009, yeye alikuwa ameshaondoka. Kwa hakika alibadilisha jengo tu, kwa kuwa alihamia ukumbi wa kanisa.

Kanisani alikuwa mtu wa ibada ya kwanza, mvua inyeshe, jua liwake. Katika shule ya Jumapili kila mtoto alisoma aya moja kwa sauti, na anayejikwaa kwenye jina gumu la Agano la Kale alisubiriwa. Akina mama wenzake watakuambia kwamba penye msiba alifika mapema na sufuria yake, na haondoki mpaka vyombo vya mwisho vioshwe.

Ya nyumbani tunawaachia wenyewe wayasimulie. Tuseme hili moja, kwa sababu tulilishuhudia. Katika vyumba viwili vya nyumba ya baraza la jiji alilea watoto wake pamoja na wale walioachwa na dada yake, na mgeni hakuweza kujua nani ni wa nani. Hakuna aliyepakuliwa chakula kabla ya kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Macho yake yalipofifia, wajukuu walimsomea Biblia na gazeti. Wakiruka mstari, Shosho, yaani nyanya yao, alijua, na aliwarudisha.

Mheshimiwa, sasa maombi yetu. Kwa harambee, wazazi na wanafunzi wa zamani wamenunua mawe, mchanga na saruji ya kusimamisha kuta. Tumebakiza kununua mabati, rafu, meza fupi zinazowafaa watoto wa gredi ya kwanza, na vitabu vya hadithi vya Kiswahili na Kiingereza. Tunakuomba utufikishie ombi hili kwa wasimamizi wa NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Pia tunaomba taa na mlinzi, ili chumba kifunguliwe jioni, wikendi na wakati wa likizo, na mtoto yeyote wa mtaa huu aingie, awe anasoma shule hii au hasomi. Nyumba nyingi hapa hazina mahali pa kuweka daftari.

Ombi la mwisho linaihusu Bodi: chumba hiki kisije kikageuzwa ofisi wala stoo. Tunaomba jambo hilo liandikwe katika kumbukumbu za kikao cha leo, nawe Mheshimiwa uwe shahidi.

Mwiko uko tayari na saruji imeshachanganywa. Mjukuu wake wa kwanza atakuongoza hadi kwenye msingi. Karibu sana.

Ni sisi, wanafunzi wake wa zamani.