Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: mlango wa bangi tumeusikia, sasa tupe ufunguo wa kituo cha tiba

Kwako Mheshimiwa,

Assalaam aleikum, na kwa wasiokuwa Waislamu hamjambo. Jina lako sitalitaja, wewe unajijua na mtaa wetu unaujua, manake uliingia na magari tisa na vumbi lake mpaka leo liko kwenye karai yangu. Mimi ni mama wa viazi, naketi pale kona ya msikiti kuanzia alasiri mpaka isha, na barua hii naandika kwa simu, binti yangu ananisaidia pale ninapokwama. Makosa ya herufi ni yangu, munisamehe. Makosa mengine yote humu ndani ni yako.

Jumamosi iliopita ulisimama pale uwanjani ukatwambia bangi ndio mlango. Ati kijana akishika msokoto leo, kesho ni teja wa unga, yaani heroini, na wanaotaka bangi ihalalishwe ni maadui wa watoto wetu. Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga, sitadanganya, manake mtu aliyezaa akisikia watoto watalindwa mikono inajipigia yenyewe.

Jumatatu usiku mwanangu wa mwisho akashikwa.

Ana miaka kumi na tisa. Mchana hubeba magunia ya viazi sokoni Kongowea na jioni hukaa maskani na wenzake, na siku hio alikuwa na msokoto mmoja mfukoni, mmoja, wala simtetei, nilimkuta nao siku nyingine nikamlaza njaa. Afande walikuja na gari wakawabeba watano. Sasa Mheshimiwa, kutoka maskani mpaka lile dirisha linalouzwa kete za unga ni hatua thelathini, nimezihesabu kwa miguu yangu hii mibovu, na kila mtoto wa madrasa analijua hilo dirisha. Gari lilipita mbele yake likienda na likapita mbele yake likirudi. Sijui kama dereva haoni vizuri usiku. Labda taa za mtaa ndizo zile ulizoahidi pia.

Usiku tatu alilala ndani. Dhamana elfu ishirini, nimekopa kwa chama, na chama ni cha wachuuzi wenzangu ambao nao wana watoto. Alipotoka alikuwa kimya siku nzima, alafu usiku akaniambia, mama, mle ndani kuna mtu aliniuliza kama nataka kitu cha kunipoza. Nikamuuliza kitu gani, akaniangalia tu. Kwa hivo huo mlango wako nimeanza kuuona ulipo. Mwanangu hakuusukuma yeye, alisukumwa akiwa amefungwa pingu.

Na usinieleze mimi habari za unga, Mheshimiwa, manake unga nalala nao nyumba moja.

Mwanangu wa kwanza ana miaka ishirini na saba. Nikwambie alivyoanza, kwa mpangilio, kwa sababu nyinyi mwapenda mpangilio. Alianza na sigara, akiuziwa moja moja dukani, akiwa darasa la saba. Kisha mugoka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa, na alikuwa akiutafuna mbele yangu, nikasema afadhali, angalau hauna harufu. Kisha ndio bangi. Akavuta bangi miaka miwili mitatu na kazi yake ya ufundi rangi akaendelea nayo, nasema ukweli ata kama unauma. Kisha yule anayemuuzia akaanza kumpa misokoto iliokuwa tayari imesokotwa, ati mpya, ati kali. Kijana wangu alikuwa hajui ndani mumetiwa nini, hio wenyewe huita kokteli, bangi iliochanganywa na unga. Siku moja akaikosa, akaanza mafua, mgongo, tumbo, jasho, nikampeleka kupimwa malaria, nikanunua dawa ya malaria, nikamkandika mgongo kwa mafuta ya nazi usiku kucha. Kumbe ni arosto, mwili unadai unga. Mtoto alikuwa teja na yeye mwenyewe hana habari, na mimi mamake namkanda mgongo.

Nimeuza cherehani. Nimeuza kabati. Bomba la jikoni sikuuza, aliliuza yeye.

Sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, alhamdulillahi, lakini dawa yenyewe lazima aende akainywe pale pale mbele ya muuguzi kila siku, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku ni hizi hizi pesa za viazi. Siku mvua ikinyesha watu hawanunui, na siku watu hawanunui mimi naanza kuhesabu, ale nani, aende nani.

Basi niulize, mlango ni bangi? Au mlango ni yule muuzaji?

Nilimuuliza binti yangu anayesoma ualimu, haya maneno ya mlango yametoka wapi, manake ulitaja utafiti. Akatafuta kwenye intaneti, tukakaa jioni nzima mpaka mafuta yakapoa. Kuna mama mmoja msomi wa Marekani anaitwa Denise Kandel, mwaka 1975 aliandika kuhusu wanafunzi wa sekondari jimbo la New York, wanaanza na nini na wanafuatisha nini. Na ngazi yake yeye unajua inaanza wapi? Bia na mvinyo. Kisha sigara na pombe kali. Bangi inakuja baada ya hapo, ndio alafu hayo mengine. Kwa hivo kama ni mlango Mheshimiwa, ule wa kwanza umefunguliwa na leseni imebandikwa ukutani. Na huyo mama alionya kwamba kitu kutangulia kingine si lazima ndio kimekisababisha. Jogoo akiwika jua linatoka, lakini jua si jogoo aliyelileta. Mwaka 1999 taasisi ya madaktari huko huko Marekani nayo ikaandika kwamba hakuna ushahidi wa kukata shauri kuwa bangi yenyewe, kwa nguvu zake kama dawa, ndio inampeleka mtu kwenye unga. Wengi wanaovuta bangi hawaendi huko. Wanaokwenda huko wengi wamepitia bangi. Haya mambo mawili yote ni kweli kwa wakati mmoja, na wewe pale jukwaani ulichukua la pili ukaliacha la kwanza kwenye gari.

Lakini na nyinyi vijana wa mitandaoni musianze kunipigia vigelegele. Ati ni mmea tu, ati ni dawa, ati Mungu kaiotesha. Hata mnyaa umeoteshwa na Mungu, mbona hamuupiki mchicha? Kijana wa jirani yangu alivuta tangu ana miaka kumi na nne na leo anasikia watu wakimwita kutoka kwenye feni. Sijui kama ni bangi peke yake, ukoo wao una historia, lakini madaktari wanasema akili ya mtoto bado inajengwa na anayeanza mapema na akavuta sana yuko hatarini zaidi. Kwa hivo mimi si wa kuhalalisha na si wa kukataza, mimi nimechoka tu.

Manake hii debeti tumeisikia mpaka masikio yamefanya sugu. Marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliileta bungeni kwa heshima mwaka 2018, akiwa mgonjwa wa saratani, akafariki Julai 2019 na mswada wake akaenda nao. 2022 akaja Profesa Wajackoyah akigombea urais, na ahadi zake za kulima bangi na kufuga nyoka, nchi nzima ikacheka, ikamuimba, alafu ikampa kura 61,969. Marasta wakaenda mahakama kuu 2021 wakisema ni ibada yao. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba ikaruhusu mtu mzima avute kwake nyumbani, 2018. Lesotho wanatoa leseni za kuilima tangu 2017. Na sisi hapa sheria ni ile ya 1994, ilikuwa inasema miaka kumi kwa bangi ya kuvuta mwenyewe, 2022 ikafanyiwa marekebisho, na sijui imerekebishwa kwa nani manake lile dirisha halijasikia.

Kuna nchi moja tu kwenye hayo yote nimeielewa mimi kama muuza viazi. Uholanzi. Wao tangu 1976 walitenganisha, bangi huku, unga kule. Mtu mzima akitaka bangi anakwenda kwenye kiduka chake, gramu tano basi, na hicho kiduka kikipatikana na unga kinafungwa. Wala hawakusema bangi ni nzuri. Walisema huyu anayetafuta bangi asikutane na mwenye unga. Biashara ndio hivo, mteja akija kwangu kutaka viazi na mimi nina bajia, atatoka na bajia. Yule wa dirishani anauza vyote viwili, na faida iko kwenye kete, kwa hivo siku bangi imekwisha anasema jaribu hii. Hio ndio siri yote ya mlango wako, Mheshimiwa. Sikuhitaji kusomea.

Na hio kete haikuota Mombasa. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia ilikamata kilo 1,032 za heroini baharini hapa mbele yetu, kwenye jahazi moja tu. Mwaka huo huo serikali ikalipua meli nyingine na mzigo wake baharini, tuliona kwenye televisheni, moshi mkubwa. Nilidhani yamekwisha. Huo moshi ndio uliokwisha. Mwanangu hana jahazi, ana mfuko wa suruali.

Na mugoka je? Mei 2024 kaunti yetu ikapiga marufuku, wamama tulishukuru, wengine tulilia. Haikufika wiki, mahakama kule Embu ikasimamisha, na serikali kule Nairobi ikasema mugoka ni zao la biashara, limo kwenye sheria, kaunti haiwezi kulizuia. Sawa. Mimi sibishani na mkulima wa Embu, naye ana watoto wa kusomesha. Lakini nieleze kama mtoto mdogo, jani la Embu ni zao, jani la bangi ni mlango, sigara ni duka, na unga ni hatua thelathini. Nani aliyepanga hivo? Alikaa ofisi gani? Nataka nimpelekee viazi nimuulize kwa upole.

Haya, nimerefusha, na binti yangu ananambia mama rudi kwenye ombi. Nilikuwa na maombi mengi. Nilitaka kukuomba kesi za msokoto mmoja zisimpeleke mtoto rumande na wakubwa, apewe onyo, apewe kazi ya kufagia mtaa, nitamsimamia mwenyewe na ufagio natoa. Nilitaka kukuomba nauli za vijana wa methadoni. Nilitaka kukuomba lile dirisha lifungwe, lakini hapo najua naomba mvua kwa jiwe. Kwa hivo nayaacha yote, nabaki na moja.

Kile kituo.

Unakikumbuka? Nyumba ya kijani nyuma ya shule, vyumba vinne. Huu mwaka wa tatu. Ulikata utepe, jiwe lina jina lako kubwa kuliko neno tiba, ukasema vijana wetu hawatakuwa wakitafuta rihabu mbali, mutawatibu hapa hapa, watalala hapa, watafundishwa kazi. Mimi ndio nilipika viazi vya wageni siku hio, na mpaka leo sijalipwa lakini hilo si la leo. Mulipoondoka mukatia kufuli. Nimekwenda juzi, baada ya kumtoa mwanangu, nikachungulia dirishani. Vitanda sita viko ndani, magodoro bado yamo kwenye nailoni. Mbuzi wa mzee wa mtaa wanalala barazani, na wao ndio waliofaidika mpaka sasa.

Nimeuliza ufunguo uko wapi. Ofisini kwako wakasema kwa mkandarasi. Mkandarasi akasema kwa kaunti. Wa kaunti akasema hawajakabidhiwa. Mimi nadhani mkandarasi hajalipwa. Jirani yangu anadhani munangojea 2027 mukate utepe mara ya pili. Binti yangu anadhani munavutana nani awalipe wauguzi. Yote yanaweza kuwa, manake na nyinyi mambo yenu ni kokteli.

Kama bangi ni mlango kama ulivyosema, na mimi nakubali kwa leo tu ili tusigombane, basi anayejua mlango uko wapi si ndio angeweka mtu pale wa kuwarudisha watoto? Uliuona mlango wa kuingilia Mheshimiwa, wa kutokea ukautia kufuli ukaenda nao.

Kesi ya mdogo inatajwa tarehe kumi na nne. Mkubwa kesho asubuhi lazima afike kliniki, na leo kumenyesha tangu adhuhuri, nimeuza sahani tano. Mimi niko pale kona kila siku isipokuwa Ijumaa mchana. Huna haja ya kuja na magari tisa, barabara yenyewe waijua. Mpe ufunguo kijana yeyote wa boda aniletee, na nauli yake nitamlipa mimi.

Wako mpiga kura,
Mama wa viazi, kona ya msikiti, Mombasa