Wagika, Wagalu na ubishi wa Bulabo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie ubishi unaozuka hapa Kisesa kila Juni: Bulabo, tamasha la mashindano ya ngoma za Wasukuma linaloendana na Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ni sherehe ya dini au ya mila? Wapo wanaohoji sikukuu hiyo inahusiana vipi na mtu aliyejiviringishia chatu shingoni.

Mimi naona swali hilo ni jepesi mno. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha parokia ya Bujora miaka ya 1950, alizikuta ngoma zimechangamka zamani. Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wameshindana tangu karne ya 19, enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili waliotunishiana misuli kwa dawa. Pande zote mbili hucheza kwa wakati mmoja, na anayeamua ni umati: kwenye watu wengi ndiko kwenye ushindi. Ndiyo maana manju, kiongozi wa ngoma, anahangaikia dawa ya mvuto, chatu anatolewa kapuni, na wacheza bugobogobo, ngoma ya majembe, wanayarusha juu na kuyadaka bila kupoteza mdundo. Wewe mtazamaji ukicheka tu na kusogea hatua tatu kwenda kuona vizuri, umeshapiga kura.

Hapo sasa ndipo pa kuuliza. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni iliizuia TANU katika Jimbo la Ziwa, na zuio likadumu hadi 1958. Wakulima wa pamba walikuwa na ushirika wao chini ya Paul Bomani, na mavuno yakiisha ngoma zilichezwa kama kawaida. Watu waliozoea kuchagua upande kwa miguu yao waliimba nini miaka hiyo? Somo la historia shuleni linatupa majina ya magavana, hili halimo.

(Na ngoma za watemi, yaani machifu wa Kisukuma, ambao utemi wao ulifutwa 1963, ukizitaka leo nenda Bujora, kwenye makumbusho aliyoyaanzisha padri. Mwenye kutenganisha dini na mila aanzie hapo.)

Siku hizi mgombea akija uwanja wa Furahisha, Mwanza mjini, hutanguliza msanii wa bongo fleva. Msanii akishuka jukwaani, nusu ya uwanja inaondoka kabla ya hotuba. Mgalu yeyote angekwambia nani kashinda.

Wapo wazee wa Magu, Kwimba na Misungwi waliocheza ngoma hizo wakiwa vijana. Wasomaji wenye babu au bibi wa aina hiyo wawaulize nyimbo za kati ya 1954 na 1958, na wewe Mhariri uzichapishe, hata kwa Kisukuma chake.

Msomaji wako,
Kisesa, Mwanza