Malalamiko Kuhusu Kutu Iliyofunikwa Kwenye Pikapu Yangu ya Datsun 1200

Buruburu,
Nairobi.
9 Juni 2025

Meneja,
Gereji ya Bodi na Rangi,
Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: UKARABATI WA BODI YA PIKAPU DATSUN 1200

Niliwaletea pikapu hii mwezi wa Januari mnitolee kutu. Mlichofanya ni kuifunika. Mvua za masika zimeianika peupe, nami naandika kwa sababu simu zangu hazipokelewi tena.

Kwotesheni yenu, iliyopigwa muhuri wa gereji, haina utata. Mlikubali kukata sakafu ya kabini iliyooza na kuchomelea bati jipya la geji 20 (geji ni kipimo cha unene wa bati), kubadilisha boksi za chini ya milango kulia na kushoto, kurekebisha mlango wa nyuma palipoliwa ukingoni, kisha kupaka praima (rangi ya msingi), dawa ya kuzuia kutu na rangi. Jumla ilikuwa shilingi 185,000, na nimelipa zote. Karani wenu hata alinieleza kwamba boksi zitaagizwa Afrika Kusini, kwa kuwa huko gari hili liliendelea kuundwa kwa jina la Nissan 1400 hadi mwaka 2008. Hilo ni kweli, na ndilo lililonifanya niwaamini.

Mwezi wa Mei rangi ilianza kufura vipele chini ya mlango wa dereva, na zulia la ndani likawa halikauki. Nilimpelekea fundi wa Kariobangi gari alitazame. Alipitisha sumaku kwenye boksi hizo na ikawa inateleza na kuanguka. Hapakuwa na chuma cha kushika, ni fila tupu, ile lipu ya kuzibia mabonde ya bodi. Alipodunga kwa bisibisi, fila ilimeguka vipande vinene kuliko kidole changu. Ndani yake kulikuwa na kutu ile ile niliyowaletea, haijaguswa hata na msasa. Hakuna boksi iliyotoka Afrika Kusini wala Afrika nyingine yoyote.

Sakafu ndiyo iliyonishangaza zaidi. Hamkukata kitu. Mlilaza bati juu ya tundu, mkalipiga ribiti, mkalichomelea pembeni hapa na pale, kisha mkamwaga andakoti nyeusi, ile rangi nzito ya chini ya gari, ili lisionekane. Na bati lenyewe ni la kuezekea nyumba! Mikunjo ya mawimbi bado inaonekana palipogongwa kwa nyundo kulainishwa, na upande wa chini una rangi nyekundu ya kiwandani. Bati la kuezekea la geji 30 lina unene wa karibu theluthi moja tu ya lile la geji 20. Bolti za kiti cha dereva zimekazwa kwenye sakafu hiyo hiyo. Nikigongwa barabara ya Jogoo, kiti hicho kitashikwa na nini?

Msiniambie kwamba gari la zamani haliwezi kutengenezwa vizuri. Kutu hukatwa mpaka chuma king'ae, bati la unene uleule likaunganishwa ukingo kwa ukingo, likachomelewa nukta kwa nukta huku likipewa nafasi ya kupoa lisijikunje. Praima ya zinki hupakwa pande zote mbili, kwa sababu moto wa kuchomelea huunguza kinga ya upande usioonekana, na huko ndiko kutu hurudi kwanza. Ninyi hata matundu ya kutolea maji chini ya boksi mmeyaziba kwa andakoti. Maji yakiingia sasa hayana pa kutokea. Pikapu hii marehemu baba aliinunua Mombasa, ikala chumvi ya bahari kwa miaka. Mmefanikiwa kuiozesha upya hapa Nairobi kwa masika moja.

Sasa mlango wa nyuma. Ulikuwa na kutu kidogo kwenye ukingo wa chini, na kwotesheni yenu inasema "kurekebisha". Ulikuwa mlango asilia, wenye herufi za DATSUN zilizopigwa kwenye bati lenyewe kiwandani. Nimerudishiwa bati bapa lenye stika. Nilipouliza, msimamizi wenu akajibu kwamba ule wa zamani ulienda na watu wa vyuma chakavu. Nani aliwapa ruhusa? Kwa kilo mlipata labda bei ya chai na mandazi. Mimi nimezunguka Kirinyaga Road na Gikomba kutafuta mwingine na sijaupata. Hasara nyingine zote za barua hii zinaweza kurekebishwa kwa pesa. Hii sina hakika.

Ninachodai ni hiki. Nirudishiwe shilingi 185,000 zote, kwa sababu siwezi kuwakabidhi tena gari hili. Litatengenezwa kwingine, na fila na bati lenu vitakatwa kwanza. Pia mmtafute mnunuzi wenu wa chuma chakavu mnirudishie mlango wangu. Kama umeshayeyushwa, mnitafutie mwingine wenye herufi za kiwandani, popote ulipo, kwa gharama yenu. Stika sitaki.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma zenye ubora ufaao, na fidia anapopata hasara kwa kasoro ya huduma hizo. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita kimya, nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na fundi wa Kariobangi amekubali kuwa shahidi.

Mkitaka kukagua kabla ya kujibu, pikapu iko nyumbani na sijaruhusu mtu aiguse. Njooni Jumamosi yoyote asubuhi. Tafadhali asitumwe yule msimamizi.

Wako,
Mwenye pikapu

Viambatisho: nakala ya kwotesheni, risiti, picha za sakafu na boksi, picha ya mlango wa nyuma kabla haujaletwa kwenu.