Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Nyumba Pacha

Ndugu wanachama, salaam nyingi. Najua wengi mnasoma hii kwenye simu mmetoka shifti ya usiku, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kilichotushughulisha mwaka mzima, yaani zile nyumba pacha za mitaa ya Pittville na The Park hapa Cheltenham, Uingereza, ambazo wengi wetu tunakaa ndani yake, kwenye fleti za juu au zile za chini walikokuwa wanafanya kazi watumishi.

Wanachama wapya wameniuliza sana kwa nini tunaziita pacha wakati ukisimama barabarani unaona jumba moja. Hapo ndo ilipokuwa akili ya waliojenga, maana milango waliiweka ubavuni, mmoja kushoto mmoja kulia, mabomba ya moshi yakapandishwa kwenye ukuta wa katikati unaogawa nyumba, na pale ambapo dirisha halikuwezekana kwa sababu ya bomba la moshi mara nyingine wakatengeneza dirisha bandia ili sura ya mbele isiharibike. Mtu wa kipato cha kati akawa anaonekana anakaa jumba la bwana mkubwa kumbe lake ni nusu. Na wanunuzi walikuwepo, mji ulishapata jina tangu chemchemi ya maji ya dawa ilipogunduliwa 1716 na mfalme George III alipokuja kuyanywa 1788, baadaye wakajaa maofisa wastaafu waliorudi kutoka India. Joseph Pitt, aliyekuwa mwenye ardhi, akaanza kupima viwanja vya Pittville miaka ya 1820, lakini mwisho wa 1825 mabenki yakayumba Uingereza nzima na ujenzi ukakwama, ndo maana mtaa mmoja una nyumba za vizazi tofauti tofauti. Jumba la Pittville la kunywea hayo maji ya dawa, lililochorwa na John Forbes, lenyewe lilifunguliwa 1830.

Sasa nije kwenye kazi. Mnaikumbuka ile nyumba ambayo upande wa kushoto anakaa mwanachama wetu na kulia yupo bibi wa Kiingereza. Ukuta wa mbele si mawe jamani, ni matofali yaliyopigwa plasta na kuchorwa mistari yafanane na mawe ya kuchonga. Miaka ya nyuma kampuni moja ilikuja ikaziba nyufa kwa simenti, ikachukua hela ikaondoka. Mwezi wa tatu niligonga kwa vifundo vya vidole kutoka mlangoni hadi dirishani, sehemu nzuri inatoa sauti nzito, penye simenti panalia kama debe tupu, tukabandua kipande cha ukubwa wa sinia na nyuma yake matofali yalikuwa yanatoka unga mkononi, yameloa kabisa. Sisi tuliokulia Lamu na Unguja tunalijua hili, ukuta wa chokaa unapumua, maji yakiingia yanatoka, ukiufunga kwa simenti unayafungia maji ndani. Kule Mji Mkongwe nyumba zinaumwa ugonjwa huu huu.

Ila huwezi kutibu pacha mmoja ukamwacha mwenzake, maji hayajui mpaka. Ilituchukua miezi kumkubalisha bibi, tulienda na chai, tukaenda na mwanachama anayejua plasta, mwisho alivyoona mwenyewe matofali yanamomonyoka akasema tufanye pamoja. Nimefurahi kuliko kitu chochote mwaka huu. Sa hivi upande wote wa mbele una plasta ya chokaa, na fundi alipokwangua chuma cha baraza, kile chenye mapambo ya mioyo, chini ya rangi nyeusi na nyeupe ikatokea kijani iliyofifia, tumeacha kipande kidogo bila kupaka ili watu waione.

Tafadhali msifanye kazi kimyakimya. Nyingi ya nyumba hizi zimeorodheshwa kisheria kama majengo ya kihistoria, na kubadilisha sura yake bila kibali cha kansili ni kosa la jinai, siyo faini ya maegesho. Mmoja wetu karibu ang'oe madirisha ya kupandisha na kushusha aweke ya plastiki, tukamuwahi, na shida yenyewe ilikuwa kamba tu imekatika, kile chuma kizito kinachosawazisha dirisha kimeangukia ndani ya fremu, kamba mpya ikamaliza. Na ukitaka kugusa ukuta wa katikati kuna sheria ya kuta za pamoja ya 1996, jirani anapewa taarifa ya maandishi, kwa kazi nyingi za ukuta huo ni miezi miwili kabla.

Hesabu atasoma mweka hazina mkutanoni, mimi siziingilii. Nafasi ya katibu iko wazi, anayeweza aseme.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi tunasafisha mifereji ya paa kabla majani hayajaziba, tunaanzia kwa bibi. Mwenye ngazi ndefu aje nayo, ya kwangu haifiki juu.